Stima ipo, lakini jioni Butere ni giza: tumshinikize nani?

MamaVifaranga (Butere, Kakamega)

Habari zenu wote. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya stima na wanaojua siasa za kaunti, kwa sababu huku kwetu mambo hayo mawili yamefungamana.

Kazi yangu ni kuangua vifaranga. Mashine inataka joto la nyuzi 37.5 usiku na mchana kwa siku 21, na ukilikosesha yai joto siku za mwisho, kifaranga anafia ndani ya ganda akiwa ameshaota manyoya. Mchana sina neno, stima huwa nzuri. Jioni ndiyo inayonimaliza. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi taa zinafifia, feni ya mashine inazunguka kwa kuvuta miguu, friji ya dukani kwa jirani inanguruma bila kupoza. Kisha giza. Mara nyingi hurudi saa nne au nne na nusu, na ikirudi inakuja na nguvu zake zote. Kuna jioni sisi tuko gizani na wenzetu wa upande wa sokoni wanaona taa, kesho yake wao wanakosa na sisi tunapata. Kwa hiyo najua si nguzo iliyoanguka. Kuna mtu mahali fulani anachagua.

Juzi kwenye baraza mwakilishi wetu wa wadi aliahidi transfoma mbili mpya, watu wakashangilia, zikapitishwa karatasi za kutia sahihi. Mimi sikutia. Sikukataa kwa ubishi. Nilitaka kwanza kuelewa kama transfoma ndiyo dawa. Tukiiomba na kupewa, halafu saa moja jioni giza likabaki palepale, hakuna atakayetusikiliza mara ya pili. Watasema: hawa tulishawahudumia.

Maswali yangu ni haya. Tunaambiwa kila mara kwamba Kenya ina stima ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, ina ya upepo wa Marsabit, na tunanunua ya Ethiopia juu yake. Nimesikia hata kwamba mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani usiku kwa kukosa wa kuutumia. Kama ni kweli, kwa nini sisi tunakatiwa? Na waziri wa kawi, Opiyo Wandayi, alikuwa mbunge wa Ugunja, si mbali na hapa. Alipoteuliwa 2024 wengi huku tulisema sasa upande wetu una mtu mezani. Je, tumwandikie yeye, gavana, mbunge, au tubaki na mwakilishi wa wadi na transfoma zake?

---

FundiLaini (mstaafu)

Dada, nimefanya kazi kwenye laini kubwa za Bonde la Ufa na Magharibi hadi nikastaafu, na dalili ulizotaja zinatosha kuonyesha ugonjwa uko wapi.

Nchi ikipungukiwa na stima ya kuzalisha, kinachoshuka ni masafa, ile mizunguko 50 kwa sekunde, nayo hushuka nchi nzima kwa pamoja. Mombasa wangeyahisi sawasawa na Butere. Wewe unasema taa zinafifia kwanza. Hiyo ni volteji, na volteji huanguka mahali. Ikianguka kwenu huku Nairobi iko sawa, ujue njia ya kuileta stima kwenu imeelemewa. Mitambo ipo, waya hautoshi.

Tazama ramani. Mvuke uko Olkaria, karibu na Naivasha. Upepo wa Loiyangalani, huko Marsabit, na stima ya Ethiopia zote zinashukia Suswa, upande uleule. Kutoka huko kuja kwetu karibu kila kitu kinapitia Lessos, kule Nandi. Kuna laini ya kilovolti 220 ya Olkaria–Lessos–Kisumu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, nayo imesaidia sana, asikwambie mtu haikusaidia. Lakini ukitoka Kisumu au Lessos kuelekea Kakamega, Bungoma na Busia unarudi kwenye laini dhaifu zaidi za kilovolti 132. Njia ya Tororo hadi Lessos inayopita kituo cha stima cha Musaga ni ya enzi za ukoloni, miaka ya 1950, ilipojengwa kuleta stima ya Owen Falls ya Jinja hadi Nairobi. Haikuwekwa kwa ajili ya nyumba za Butere.

Sasa weka juu yake watu. Mwaka 2013 wateja wa stima nchini walikuwa milioni mbili na kidogo. Kufikia 2023 walizidi milioni tisa. Hilo ni jambo jema kabisa, mama yangu mwenyewe alikufa akiwa na taa. Ila nguzo za vijijini zilikwenda mbio na laini kubwa zikabaki nyuma, kwa sababu nguzo ya kijijini mwanasiasa anaweza kuizindua na laini ya kilovolti 220 inapita juu ya watu bila kusimama.

Kuhusu mvuke kuachiliwa: ni kweli, lakini angalia saa. Unaachiliwa usiku wa manane, nchi imelala, na upepo wa Marsabit huvuma kwa nguvu saa hizo. Wakati huo wewe una stima. Saa moja jioni Olkaria inafanya kazi yote iwezayo. Kwa hiyo usiende kwa waziri na hoja ya mvuke, wasaidizi wake wataivunja kwa dakika moja na utaonekana hujui unachodai.

Na anayechagua yupo kweli. Joto la waya likifika kikomo, au volteji ya Musaga ikishuka chini ya kiwango, wasimamizi wa gridi wanaagiza laini ndogo fulani zizimwe kwa zamu. Wasipofanya hivyo, laini moja ikijizima, mzigo wake unahamia kwa mwenzake, naye anaelemewa, na eneo zima linakwenda. Kila mtu anakumbuka 6 Septemba 2024. Asubuhi, kabla ya saa tatu, laini ya Loiyangalani ilijizima pale Suswa ikiwa na megawati 288, ikafuatwa na ile ya Ethiopia iliyokuwa imebeba 200, na sehemu kubwa ya nchi ikabaki bila stima. Wale wa chumba cha udhibiti wanakukatia wewe ili hilo lisitokee. Nimekaa kwenye chumba kile. Unaijua kila laini unayoizima, unajua kuna hospitali gani na soko gani. Wanasiasa walisema kwa muda mrefu kwamba hakuna mgao wa stima, hadi Rais Ruto mwenyewe mwaka 2025 akasema wazi kuwa kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa. Saa zako hizo hizo.

Kuna jambo moja ambalo wewe kama mtu wa Kakamega unapaswa kulibeba popote utakapokwenda. Mumias. Kiwanda kile cha sukari kilikuwa kinachoma makapi ya miwa, na kuanzia 2009 kikawa kinauza megawati 26 kwenye gridi. Megawati 26 za Mumias zilikuwa na thamani kuliko 26 za Olkaria, kwa sababu hazikuhitaji kupita Lessos. Zilizaliwa upande wetu wa kizuizi na zikatumika papo hapo, volteji ikisimama. Kiwanda kiliposambaratika, hadi kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa wadai, 2019, watu walililia miwa, na walikuwa na haki ya kulia. Sikumsikia hata mmoja akiililia ile stima. Siku nikisikia mgombea wa Kakamega anazungumzia Mumias kama mtambo wa stima, nitampa kura yangu bila kuuliza chama.

Upande wetu tuna nini kingine? Sondu Miriu megawati 60 na Sang'oro 21, maji yakiwapo. Jenereta za Muhoroni, zinazokunywa mafuta ya bei kali, na bei hiyo unailipa kwenye tokeni. Turkwel 106 inaingia kupitia Lessos hiyohiyo. Kesses na viunga vya Eldoret kuna mashamba ya jua, megawati 40 kila moja, mazuri mno saa sita mchana. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Soma tena mstari wako ulipoandika taa zinaanza kufifia saa ngapi.

Transfoma: inasaidia kama transfoma yenu ndiyo iliyozidiwa, na hapo ingefifia mtaa wenu peke yake. Ikiwa soko, mtaa wa pili na wenu mnafifia pamoja, tatizo liko juu zaidi. Transfoma mbili mpya zitaunganisha nyumba zaidi kwenye waya uleule.

---

MamaVifaranga

Mzee FundiLaini, asante sana. Mtaa mzima unafifia pamoja, na dada yangu aliyeolewa Khwisero anasema kwao ni hivyohivyo. Hilo la Mumias limenigusa, baba alikuwa mkulima wa miwa. Sasa nani mwenye mamlaka juu ya laini kubwa? Kaunti ina neno lolote?

---

Mwanamipango

Dada, nimekaa idara ya mipango ya kaunti moja ya Nyanza, nitajibu upande huo.

Laini kubwa ni za taifa. KETRACO iliundwa 2008 kwa kazi hiyo, na Kenya Power inasambaza. Lakini kaunti si mtazamaji. Jedwali la Nne la Katiba linataja usambazaji wa stima na udhibiti wa kawi upande wa taifa na pia upande wa kaunti, na Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa waziri. Hapo ndipo kaunti inasema: mwaka fulani tutakuwa na hospitali hii, soko la samaki lile, viwanda vile, tunahitaji megawati kadhaa na kituo kidogo cha kupozea stima mahali fulani. Kaunti isiyosema mahitaji yake inakadiriwa na mtu aliyeko Nairobi. Nimeona mipango ya kawi ambayo ni orodha ya taa za barabarani kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Iliniuma, kwa sababu taa za barabarani nazo zinahitaji waya.

Siasa za kanda ziko hivi. Kaunti zenye mitambo, kama Nakuru na Turkana, zinapigania mrabaha, yaani malipo ya kutumia mali asili yao. Kwa mvuke, sheria inasema asilimia 75 iende kwa taifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Kaunti ambazo laini inapita tu zinapigania fidia ya ardhi. Sisi wa mwisho wa laini tunataka mwanga. Kila gavana anasimama na watu wake, na laini inakufa katikati. Laini ya kwenda Butere haiwezi kuanzia Butere.

Wengi wanasahau kwamba mwaka 2024 tulikuwa karibu. Oktoba, KETRACO ilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani ya India, dola milioni 736. Ndani yake kulikuwa na laini ya Rongai–Keringet–Chemosit na kituo cha Thurdibuoro, pale Nyakach, kaunti ya Kisumu. Vyote viwili vingeipunguzia kanda yetu mzigo. Mahakama Kuu ikausimamisha mwezi huohuo kwa ombi la Chama cha Mawakili, na 21 Novemba Rais akatangaza bungeni kuwa umefutwa. Nilikubaliana na mahakama, na bado nakubaliana. Mkataba wa miaka thelathini hauingiwi bila wananchi kuuona. Lakini siku ile watu walipokuwa wakisherehekea mitandaoni, sikumsikia kiongozi yeyote wa ukanda wa ziwa akiuliza: sawa, Thurdibuoro sasa itajengwa na nani? Kufuta mkataba hakukufuta giza la saa moja.

Nyingine ya kufuatilia ni laini ya Kisumu–Musaga, ya kilovolti 220, pamoja na ile ya Lessos–Loosuk, katika mpango wa serikali na Africa50 na PowerGrid ya India. Kisumu–Musaga ndiyo yenu hasa. Jina hilo ndilo la kuandika kwenye karatasi ya sahihi.

Na chombo mnacho. Muungano wa kaunti za ukanda wa ziwa una kaunti 14, kuanzia Busia na Bungoma hadi Migori, pamoja na Kericho, Bomet na Nandi. Angalia: Chemosit iko Kericho na Lessos iko Nandi. Karibu kila mahali waya unapohitaji kupita kuja kwenu, gavana wake anakaa kwenye mkutano uleule na gavana wenu.

Sikubaliani na mzee kwenye jambo moja. Uzalishaji nao umebana jioni. Bunge lilizuia mikataba mipya ya kununua stima 2023 na kuliondoa zuio hilo 2025, na katikati hapo matumizi ya kilele yalivuka megawati 2,300. Hata waya ukijengwa kesho, kutahitajika kitu cha kupitisha.

---

FundiLaini

Nakubali hilo, Mwanamipango. Ila kwa Butere mpangilio ni waya kwanza. Ukiongeza megawati mia Olkaria leo, kwake jioni haitabadilika hata kidogo. Ukiongeza ishirini Mumias, au betri kubwa pale Musaga, atajua siku hiyohiyo.

---

MkulimaWaKeringet

Nimesoma yote na nimeona jina la kwetu. Niruhusuni niseme, kwa sababu huwa tunatajwa kama watu wanaozuia maendeleo.

Laini ya kilovolti 220 inahitaji ukanda wa mita 40. Hati ya shamba inabaki jina lako, lakini chini yake hujengi nyumba na hupandi mti mrefu. Kwetu mikaratusi ndiyo benki, ndiyo karo ya shule. Mwenye ekari mbili akikatwa mita 40 katikati, anabaki na vipande viwili visivyomtosha mwana yeyote kujenga. Walipita watu wa vipimo, wakapigilia vigingi, wakaandika majina, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kutuambia kama laini bado inakuja au imekufa. Jirani yangu alisitisha kujenga nyumba ya mwanawe kwa sababu ya kigingi. Mtu wa namna hiyo akisikia tena neno laini atakuwa mkali, na mimi simlaumu.

Mimi siikatai laini. Mama wa Butere, nimeelewa kwamba miti yangu na mayai yako yako kwenye waya mmoja. Ninachotaka ni kuambiwa bei kabla ya kigingi, na kulipwa kabla ya mnara. Kama magavana kumi na wanne wanakaa pamoja, watuletee hilo kwenye meza, kwa sababu mwakilishi wetu huku anatetea shamba na wa kwenu anatetea taa, na hawajawahi kukutana.

Tena huko kwenu mtakutana na miwa. Shamba la miwa likichomwa chini ya laini, moto na moshi vinaweza kuiangusha. Anzeni kuzungumza na wakulima mapema.

---

MamaVifaranga

Baba wa Keringet, nimekusoma mara mbili. Sikuwahi kufikiria kuna kigingi shambani kwa mtu kwa ajili ya taa yangu. Asante kwa kusema bila hasira, ingawa haki ya hasira unayo.

Nimeamua hivi. Karatasi ya transfoma sitaipinga hadharani, kuna nyumba ambazo hazijawahi kuona stima nazo zina haki. Lakini nitaandika ombi la pili kwa bunge la kaunti, nimeambiwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mwananchi yeyote. Nitaomba mambo matatu: mpango wa kawi wa kaunti uwekwe wazi tuusome, Kisumu–Musaga iwe ajenda ya kaunti kwenye muungano wa ukanda wa ziwa pamoja na fidia ya wenye mashamba, na ratiba ya mgao itangazwe mapema. Hili la tatu halihitaji mkopo wa Japani wala wa India. Nikijua Jumatano ni zamu yetu, sitahamisha mayai ya siku ya 18 Jumatano. Pia nitatia neno la Mumias na megawati 26. Kikundi chetu cha akina mama wafugaji kimeshakubali kutia sahihi.

Mwanamipango, nilipeleke lini lisipotee? Na mzee, kwa sasa nifanye nini na mashine?

---

Mwanamipango

Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, na waraka wa mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari. Ombi likiingia wiki chache kabla ya tarehe hizo, kamati inalazimika kulitazama ikiwa na bajeti mkononi. Nakala mpelekee mbunge na seneta, wao ndio wanaoweza kumuuliza waziri maswali bungeni. Hakikisha unapata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

---

FundiLaini

Tazama kibao cha mashine kinasema wati ngapi. Kama ni 200, kwa saa tano inakula uniti moja. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba uniti moja na robo hivi. Sehemu yake inaliwa na inveta, kwa hiyo itakutosha kwa kubana. Ukinunua ya asidi chukua mbili, kwa sababu ukiimaliza zaidi ya nusu kila jioni haitamaliza mwaka. Zichaji mchana, stima yenu ikiwa nzuri, na usizichaji saa moja jioni.

Nunua pia kipima volteji cha kuchomeka ukutani, ni bei ndogo. Kila jioni andika saa na volti kwenye daftari, na wenzako wa Khwisero wafanye hivyo. Ikionekana Butere na Khwisero zimeshuka kutoka 240 hadi 190 saa ileile, jioni baada ya jioni, ambatanisha daftari hilo kwenye ombi. Hakuna mhandisi atakayelisoma akakuambia tatizo ni transfoma.